Mpimeni Mama Kwanza, Ndipo Mkate Chuma

Nilijifunza kuendesha baiskeli nikiwa nimepinda kama ndoano. Baiskeli yenyewe ilikuwa ya baba, black mamba yenye magurudumu ya inchi 28, breki za vyuma na keria pana ya kubebea gunia. Nilikuwa na miaka tisa. Kile chuma cha juu kinachotoka kwenye usukani hadi kwenye kiti kilinifika mbavuni, na kukivuka sikuweza. Basi nikafanya walivyofanya watoto wote wa kwetu karibu na Kebirigo: nikapitisha mguu wa kulia chini ya chuma, nikaitafuta pedali ya upande wa pili, kiuno nikakitoa nje, mkono wa kulia ukakumbatia kiti, na debe la mahindi likatikisika nyuma yangu nikielekea kusaga.

Kaka zangu walianza hivyo hivyo. Wao wakarefuka. Kufikia kidato cha pili, mkubwa wao alikuwa anakivuka kile chuma kama anayeruka mfereji. Mimi nilikomea sentimita 154, na chuma hakikushuka hata unywele kunisubiri. Nimekuwa mwalimu, nimezaa, nimesomesha, kichwa kimeanza kuingia mvi, na bado naambiwa kwamba kasoro iko kwenye miguu yangu.

Nakataa. Kasoro iko kwenye chuma.

Sensa ya 2019 ilihesabu wanawake 661,038 katika Kaunti ya Kisii na 314,656 katika Nyamira. Tunakaribia milioni moja. Simama asubuhi kando ya barabara ya Kisii kwenda Keroka, au kwenye njia yoyote ya kuingia Daraja Mbili siku ya soko, uhesabu ni wangapi kati yetu wamepanda baiskeli. Vidole vya mkono mmoja vitakutosha. Tuko pale, lakini kwa miguu: gunia la mboga za chinsaga na managu mgongoni, mkungu wa ndizi kichwani, mtoto kwenye mbeleko. Ubavuni mwetu mwanamume anasukuma baiskeli iliyolemewa na ndizi. Ndiyo, kwenye kilima anaisukuma. Lakini mzigo wake umebebwa na magurudumu mawili, na wetu umebebwa na uti wa mgongo. Mtu anayesema baiskeli haina kazi katika vilima vya Gusii hajawahi kuitazama picha hiyo kwa macho mawili.

Tukiuliza kwa nini mambo yako hivi tunajibiwa upesi. Vilima. Haya. Siku hizi kuna boda boda. Nitayafikia hayo. Kwanza nataka tukae kwenye chuma, maana hapo ndipo hakuna anayetaka kukaa.

Mwaka jana nilikwenda kwa fundi mmoja wa baiskeli mjini Kisii, kijana mwenye kibanda cha mabati na mashine ya kulehemu ya kuazima, nikamwomba anipime. Alinitazama kama mtu aliyeombwa kupima mbuzi suruali. Kwa zaidi ya miaka kumi ya kazi hiyo hakuna mteja aliyewahi kumwomba apimwe. Watu huleta pancha, huleta cheni iliyokatika, huleta ringi iliyopinda. Baiskeli humjia mtu kama mvua, unaipokea ilivyo. Fundi wa nguo aliyeketi mlango wa pili hawezi kukata hata sketi ya shule bila kuzungusha utepe kiunoni mwa mtoto. Tuliazima utepe wake.

Kutoka ardhini hadi juu ya chuma cha black mamba iliyokuwa pale: sentimita 85. Kutoka nyayo zangu hadi mapaja yanapokutana: sentimita 70. Tofauti ni nusu nzima ya rula ya shule. Maana yake ni kwamba siwezi kusimama juu ya baiskeli hiyo miguu yote miwili ikiwa chini. Nikitaka kusimama lazima niruke upande mmoja na kuiacha ianguke nami, au nitafute jiwe la kukanyaga. Mwanamke wa Kenya kwa wastani ana urefu wa chini kidogo ya sentimita 160. Sizungumzii watu wachache wafupi walio pembeni. Nazungumzia mwanamke wa kawaida kabisa, aliye mbele yako kwenye foleni ya kupima majani chai.

Tukaendelea. Mkono wa pedali, kile chuma kinachoshika pedali na kuzunguka nayo, una milimita 170 karibu katika kila baiskeli utakayookota Kisii, iwe ya Kihindi, ya Kichina au mtumba kutoka Ulaya. Kwa mtu wa miguu mirefu ni sawa. Kwa mguu wangu ni kama kupanda ngazi iliyojengwa kwa ajili ya mtu mwingine: kila duara goti linapanda hadi karibu na tumbo, na jioni goti hilo linalalamika. Nikashika breki. Wenye black mamba wanaijua, ule mkono mrefu wa chuma ulio chini ya usukani, mbali na vidole. Kiganja changu kilipokaa vizuri kwenye usukani, ncha za vidole ziliigusa breki, hazikuishika. Kuishika ilinibidi nilegeze usukani. Hebu fikiria uko kwenye mteremko, na ili upunguze mwendo ni lazima kwanza ulegeze kile unachokishikilia usife.

Mimi sihitaji kufikiria. Zaidi ya miaka kumi na mitano iliyopita nilinunua baiskeli mpya katika duka moja mjini. Nilimwambia muuzaji kwamba miguu haifiki chini. Akaniambia, "Mwalimu, utazoea." Wiki ya tatu, mvua ikinyesha, nikiteremka kuelekea mto, ng'ombe wakakata barabara. Rangi ya kromu kwenye ringi ilikuwa imelowa, na ringi ya chuma ikilowa breki inateleza kama sabuni. Nilivuta kwa vidole viwili, vyote nilivyokuwa navyo. Baiskeli ilipoacha kwenda nilitafuta ardhi kwa mguu, nikaikuta haipo. Mfupa wa mkono ulivunjika juu kidogo ya kifundo. Nilipolala na plasta nyumbani wageni walikuja na maziwa na ndizi, na karibu kila mmoja aliniambia kwa upendo kabisa kwamba baiskeli si ya wanawake. Hata mmoja hakuuliza baiskeli ilikuwa na kimo gani. Siku zile hata mimi sikuuliza.

Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Baiskeli tunayoijua iliundwa. Haikushuka na mvua ya masika. John Kemp Starley aliitoa Rover yake Coventry, Uingereza, mwaka 1885, magurudumu mawili yanayokaribia kulingana na cheni inayozungusha la nyuma, na hadi leo baiskeli zetu ni wajukuu wa ile. Iliundwa ikimfikiria mwanamume. Miaka michache baadaye wanawake wa huko walipoitaka, waundaji walifanya jambo moja: walishusha chuma cha juu ili sketi ndefu ipite. Hapo ndipo ilipozaliwa "baiskeli ya kike" tunayoijua mpaka leo, yenye chuma kilichoinama na kikapu mbele.

Mniangalie vizuri hapo, kwa sababu hapo ndipo tulipodanganywa kwa zaidi ya karne. Baiskeli ya kike iliundwa kuhifadhi sketi. Haikuundwa kwa mkono mfupi, haikuundwa kwa kiganja kidogo, wala kwa bega jembamba. Waliipima nguo, mwenye nguo hawakumpima. Ndiyo maana leo ukiingia dukani ukasema unataka baiskeli ya mwanamke utaletewa ya waridi yenye maua, ambayo mkono wake wa pedali ni ule ule, breki ni ile ile, na usukani wake uko mbali vile vile. Rangi ya waridi haijawahi kumfikisha mtu ardhini.

Ilichukua miaka mia kwa mtu kulitamka jambo hilo kwa chuma. Georgena Terry, mhandisi wa mitambo katika jimbo la New York, Marekani, alijifunza mwenyewe kulehemu fremu, na mwaka 1985 akaanzisha kampuni ya kuunda baiskeli za wanawake. Wanawake walikuwa wakimwambia kwamba shingo zinauma, viganja vinakufa ganzi, mabega yanachoka. Hakuwaambia watazoea. Alitazama akaona kwamba baiskeli zao ni ndefu mno kutoka kiti hadi usukani, na kwamba kuna kikwazo kinachowazuia waundaji kuzifupisha: gurudumu la mbele. Ukiifupisha fremu na kuacha gurudumu kubwa, ncha ya kiatu inaligonga gurudumu kila unapokata kona. Yeye akalipunguza gurudumu lenyewe. Mbele akaweka dogo la inchi 24, nyuma akaacha la kawaida. Watu waliziona ni za ajabu kwa sura. Waliozipanda walizinunua.

Nasimulia habari hiyo kwa sababu ya jambo moja alilolifanya, nalo ni kuhamisha lawama kutoka kwa mwili kwenda kwa chombo. Si jambo la Marekani tu, wala halijaisha. Juni 2025 shirikisho la baiskeli la dunia, UCI, lilitangaza kwamba usukani wa baiskeli za mashindano ya barabarani usipungue upana wa milimita 400. Wanawake wanaoendesha kwa kulipwa walipiga kelele, wengi wao wana mabega membamba kuliko hapo, na kanuni ikarekebishwa kabla haijaanza. Wale ni mabingwa wenye madaktari na makanika wao, na bado mtu aliketi ofisini akaandika kanuni kwa kupima bega la mwanamume. Basi mwanamke wa Magombo anayekwenda kuuza mboga atasikilizwa na nani?

Sasa tuje kwenye vilima.

Sikatai vilima. Nimezaliwa navyo. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na ukisimama kwenye ukingo wa Manga utaona nchi imekunjwa kama shuka iliyotoka kufuliwa. Lakini nauliza: hivi vilima viliwahi kupimwa na nani kabla ya baiskeli kuletwa? Black mamba yenye meno 44 mbele na 18 nyuma inakusukuma zaidi ya mita tano kwa kila duara la pedali. Kwenye tambarare za Ahero huo ni mwendo mtamu. Kwenye mlima wa kutoka mtoni hadi Nyamira ni adhabu, na hata mwanamume mwenye mapaja ya mti hushuka akasukuma. Chukua baiskeli ya gia yenye magurudumu ya inchi 24, uweke meno 24 mbele na 28 nyuma, na kila duara litakusogeza mita moja na nusu na kidogo. Polepole, ndiyo. Lakini uzito kwenye paja unapungua mara tatu, na mama ambaye tangu utotoni amepanda kilima kile na kilo thelathini mgongoni hana haja ya haraka. Ana haja ya kupumzisha mgongo. Gia hizo zimo kwenye rundo la mtumba, na zimekuwemo miaka mingi.

Na yeyote anayeamini kwamba nchi ya vilima si nchi ya baiskeli, aulize Rwanda. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika, na wanawake walishindana juu ya milima ile ile inayofanana na yetu kama ndugu wa tumbo moja.

Kuhusu haya ya mwanamke kupanda baiskeli nitasema machache, kwa kuwa jambo hilo linaniuma. Nilipokuwa msichana niliambiwa kiti cha baiskeli kitaniharibu, kwamba hakuna atakayenioa. Nilikubali, nikaona aibu ya mwili wangu mwenyewe. Leo nikikumbuka nywele zinasimama: waliohofia kwamba kiti cha ngozi kitamharibu mtoto wa kike ndio hao hao waliompeleka Desemba kwa mwenye wembe, akeketwe. Basi wasinifundishe heshima. Heshima ni msichana kufika shuleni akiwa hajachoka na hajachelewa. Na nimeona kwamba haya huisha upesi sana pale kitu kinapofaa. Wanawake wetu walivaa gambuti, wakavaa suruali za kuchumia chai, wakapanda pikipiki wakiwa wamekaa kiume, na mbingu haikuanguka.

Boda boda, basi. Pikipiki zilipopunguziwa kodi mwishoni mwa miaka ya 2000 zilifurika kila kijiji, na sitakana kwamba zimeokoa wanawake wengi waliokuwa wakijifungua usiku. Lakini katika biashara ile mwanamume ndiye anayeshika usukani, mwanamke ni abiria. Yeye anapata, sisi tunalipa. Tunalipa kwenda sokoni na tunalipa kurudi, na siku mboga zimedoda tunalipa kwa deni. Septemba 2023 lita ya petroli ilivuka shilingi 200 nchini, na nauli ikapanda siku hiyo hiyo. Bei ya fungu la managu haikupanda siku hiyo hiyo. Chombo ambacho lazima uombe kupakiwa hakijakupa uhuru wa kwenda. Kimekupa njia nyingine ya kungoja.

Kuna watu waliolijua hili la uhuru wa kwenda na wakafanya kitu. Bihar, India, serikali ya jimbo ilianza mwaka 2006 kuwapa wasichana wa darasa la tisa fedha za kununua baiskeli. Watafiti Karthik Muralidharan na Nishith Prakash walipopima matokeo walikuta uandikishaji wa wasichana katika sekondari umepanda kwa asilimia 32. Zambia, wasichana waliokaa zaidi ya kilomita tatu kutoka shuleni walipewa baiskeli, na utafiti ukaonyesha kwamba kukosa shule kulipungua kwa zaidi ya robo, na kuchelewa kwa karibu theluthi mbili. Hizi ni namba za kumfanya mzazi akae kitako. Asubuhi moja tu tazama barabara ya vumbi inayokwenda shule yoyote ya kutwa Nyamira, uwaone wasichana wanaokimbia wakiwa na viatu mkononi ili visichafuke.

Shirika la World Bicycle Relief, ambalo ndilo liliwapa wasichana wale wa Zambia baiskeli, lina karakana ya kuunganishia baiskeli zake za Buffalo hapa jirani, Kisumu. Nazipenda. Ni chuma cha kweli, zinabeba kilo mia. Mwaka 2023 walitoa toleo la cheni mbili, unabadilisha gia kwa kurudisha pedali nyuma kidogo, bila waya wa kukatika. Kwa vilima vyetu hiyo ni habari njema. Lakini Buffalo ina uzito wa karibu kilo 23. Msichana wa miaka kumi na mbili mwenye kilo 40 anaambiwa aisukume kilimani baiskeli iliyozidi nusu ya uzito wake. Ninawaomba, kwa heshima kamili ya kazi yao, watuundie dada yake mdogo: magurudumu ya inchi 24, mkono wa pedali wa milimita 150, breki ya kiganja kidogo. Walioweza kufikiria cheni mbili hawawezi kushindwa na hilo.

Ombi langu kwa serikali zetu mbili za kaunti ni kali zaidi, kwa kuwa hizo ni fedha zetu. Septemba 2023 nchi ilizindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, wengi wao wanawake, wakapewa mikoba yenye vifaa vya kupimia presha na sukari. Wapo Kisii, wapo Nyamira, na wanapanda na kushuka vilima kwa miguu kutoka boma hadi boma. Siku kaunti itakapoamua kuwapa baiskeli, na siku hiyo itakuja kwa sababu picha zake ni nzuri, ni nani atakayeandika zabuni? Naijua lugha ya zabuni hizo. "Baiskeli, idadi kadhaa, rangi, zenye keria." Mstari mmoja. Kiatu cha askari kinaandikiwa saizi. Sare ya mwanafunzi inaandikiwa saizi. Hata jeneza hupimwa. Baiskeli ya mama inaandikiwa rangi.

Nataka zabuni hiyo iwe na safu ya vipimo: kimo cha chuma cha juu, urefu wa mkono wa pedali, umbali wa breki kutoka kwenye usukani, meno ya mbele na ya nyuma. Angalau saizi tatu. Na kabla ya shilingi moja kutoka, wahudumu wapimwe. Kazi ya kuwapima ni ya alasiri moja, utepe mmoja na daftari. Nchi hii ina kanuni inayotenga asilimia 30 ya manunuzi ya serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Basi mafundi wetu vijana na vikundi vya akina mama wapewe kazi hiyo ya kukata na kulehemu. Katiba ya 2010 iliwakabidhi magavana vyuo vya ufundi vya vijiji. Vinafundisha kulehemu madirisha na mageti, kwa sababu kila mtu anataka geti. Mwalimu anayeweza kufundisha geti lisimame wima anaweza kufundisha fremu, na Kisii National Polytechnic ina wahandisi wa kuwachorea. Kule Tabaka wanachonga jiwe hadi linakuwa kiboko mwenye meno. Msiniambie mikono ya Gusii haiwezi kuinamisha bomba.

Yule fundi wa kibandani aliweza. Baada ya kunipima nilimwonyesha kwenye simu picha ya baiskeli ya Terry. Aliivuta karibu, akalitazama gurudumu la mbele kwa muda, akanyamaza. Kisha akaenda nyuma ya kibanda kwenye rundo la mtumba akatoa baiskeli ya inchi 24, ya gia, iliyoundwa huko Ulaya kwa ajili ya mtoto wa miaka kumi na moja. Hicho ndicho kipimo changu, mtoto wa kwao. Hakuna aliyekuwa akiinunua; wateja waliiita ya kuchezea. Aling'oa mkono wa pedali, akaweka wa milimita 152. Aliongeza chuma cha kiti kirefu zaidi. Breki zilikuwa na skrubu ndogo kwenye shina, akazikaza kwa bisibisi mpaka zikaja kukutana na vidole vyangu. Ilichukua nusu dakika. Nusu dakika hiyo ndiyo ingeuokoa mkono wangu. Gurudumu la nyuma alilivua spoku zote akaweka nene, kisha akalehemu keria ya nondo yenye miguu minne inayokaa kwenye ekseli, ili mzigo usiyumbe.

Niliipanda mbele ya kibanda chake, nikasimama. Nyayo zote mbili chini. Sijui niwaelezeje wanaume wanaosoma hapa jambo hilo, kwa kuwa nyinyi mmekuwa na ardhi chini yenu tangu mlipoanza kuendesha. Nilisimama pale kama mjinga, nikashika breki, nikaachia, nikashika. Nilikuwa na umri wa bibi.

Sasa nakwenda nayo sokoni kila Jumamosi. Majuzi nilipumzika katikati ya mlima, nyuma nimefunga ndizi na nusu gunia la viazi, na mama mmoja anayeuza mboga akanikuta hapo, gunia lake likining'inia kwa kamba kwenye paji la uso. Hatujuani. "Bwakire," akasema, nikaitikia. Hakuuliza kama naona haya. Alitua gunia, akaizunguka baiskeli mara moja, akaigusa keria. Kisha akaomba aipande, tuli tu, bila kwenda. Nikaishika. Akavuka, akaketi, akashusha miguu, na nyayo zake zikakaa kwenye udongo mwekundu, zote mbili. Akazitazama.

"Huyo fundi," akaniuliza bila kuinua kichwa, "yuko upande gani wa soko?"